Mteja anadai nimeruka episodi. Tobo la hadithi ni langu au la waliotunga?

Mwenye Flashi (Mtwara) ameandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina kesi hapa kibandani, nimeshindwa kuitolea hukumu, naileta kwenu.

Nina laibrari ya muvi Chikongola, Mtwara mjini. Kompyuta mbili, feni moja, benchi la wateja, na mlangoni kuna mama anauza ming'oko. (Ndugu zangu wa hakimiliki najua mnanoa visu. Fungueni uzi wenu, leo nina jambo jingine.) Wateja wangu wengi ni watu wepesi. Mtu anakuja, anasema "nipe ile ya yule mwenye kipara", namwekea kwenye flashi, tumemalizana. Hajawahi kurudi hata mmoja kuniuliza kwa nini bastola ya mwenye kipara haiishiwi risasi.

Mpaka alipokuja Mwalimu.

Mwalimu ni mstaafu, alifundisha fizikia sekondari, anakaa Ligula. Msimu wa korosho uliopita mwanawe alimnunulia televisheni ya bapa, ile ya kuchomeka flashi nyuma. Akaja kwangu: "Kijana wangu, sitaki mapenzi wala ngumi. Nipe za anga za juu." Nami kwa kujipendekeza nikampakulia: Star Trek ya zamani pamoja na muvi zake, Star Trek: Voyager, Firefly, na Heroes. Sizoni moja ni buku mbili, nikampunguzia kwa heshima ya mvi.

Sikujua kwamba mzee anaangalia akiwa na kauntabuku mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Jumatatu asubuhi sijamaliza hata kufuta vumbi, kaingia. Nikampa shikamoo, marahaba ikatoka ndogo kama ya mtu mwenye jino bovu. Kaweka kauntabuku juu ya kaunta, kafungua, akasema: "Umenipunja. Humu kuna episodi umeruka, kuna nyingine umechanganya na za sizoni tofauti. Nirudishie hela yangu au nipe zilizopungua."

Nimeipiga picha ile kauntabuku. Naandika hapa yale mazito tu, maana kurasa zenyewe ni kumi na moja.

Heroes, sizoni ya pili. Kwa maneno yake mwenyewe: "Dunia imeokolewa usiku wa kwanza, usiku wa tatu imekufa, na mwisho wa sizoni hakuna anayekumbuka kama iliwahi kuokolewa." Halafu kuna binti anaitwa Caitlin. Peter, mmoja wa mashujaa, kaenda naye mwaka wa mbele, huko karibu watu wote wamekufa kwa kirusi. Peter karudi, binti kaachwa kulekule. Mwalimu kamsubiri mpaka episodi ya mwisho, hakumwona. "Mtoto wa watu umemwacha wapi?" ananiuliza mimi, kana kwamba nimemfungia stoo.

Firefly. Watu wa ile meli wanaishi na daktari Simon na mdogo wake River, wanakula nao, wanapigwa risasi nao. Episodi ya mwisho Simon anapanda meli kama abiria mgeni, mdogo wake yumo ndani ya sanduku, na hakuna anayewajua. Pembeni Mwalimu kaandika kwa wino mwekundu: *Rudia kazi hii.*

Star Trek ya zamani, episodi ya tatu. Daktari McCoy aliyekuwepo ya kwanza na ya pili hayupo, yupo daktari mwingine mzee zaidi. Nguo za wafanyakazi si zilezile. Kaburi la Kapteni Kirk linaandikwa James R. Kirk, wakati huko mbele ni James T. Episodi ya nne McCoy huyo karudi, hata pole ya safari hapewi.

Hao hao Star Trek: Waklingoni, watu wa sayari nyingine. Kwenye sizoni za zamani wana paji la uso laini kama langu. Kwenye muvi wana matuta kichwani kama barabara yenye makorongo. Mwalimu anaamini nimemwekea kabila jingine.

Tena: muvi ya pili, Khan, adui wa Kirk, anamtambua kwa sura Chekov, mfanyakazi wa meli ya Kirk. Mwalimu kapekua mpaka ile episodi ambayo Khan alikuwemo. Chekov hayumo. "Kamjulia wapi?"

Na Voyager. Sizoni ya kwanza wanasema wana makombora 38 na hawana pa kupata mengine. Mwalimu wa fizikia ukimpa namba umempa kazi. Kahesabu sizoni zote saba, kila mlipuko kachora kijiti. Anasema yamezidi 38 kwa mbali sana.

Sasa wakuu, mimi si mbishi. Lililo langu nitalilipa. Ila sitarudisha hela kwa kosa la mtu aliye Marekani ambaye hata Mtwara haijui iko wapi. Mnisaidie kutenganisha: yapi ni matobo ya waliotunga, yapi ni yangu?

---

Kidumbaki ameandika:

Mkuu unapoteza muda. Hizo ni hadithi. Bibi zetu walianzaje? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Umeshaambiwa uongo unakuja, sasa unaukagua wa nini? Mwambie mzee anywe chai alale.

---

Fundi wa Masasi ameandika:

Mleta uzi, kabla ya kuwalaumu Wamarekani nijibu swali moja. Mafaili ya Heroes umeyaandikaje? Uliandika 1, 2, 3 au 01, 02, 03?

---

Mwenye Flashi (Mtwara) ameandika:

Firefly na Star Trek nilipewa na jamaa wa Dar, zina namba mbilimbili. Heroes niliipa majina mwenyewe. Heroes 1, Heroes 2, mpaka Heroes 11. Kwani kuna nini?

---

Fundi wa Masasi ameandika:

Kuna kila kitu. Natengeneza hizo televisheni hapa Masasi kila siku, nyingi zinapanga mafaili kwa kusoma herufi moja moja, hazijui kuhesabu. Kwake yeye baada ya 1 inakuja 10, kisha 11, ndipo 2. Kwa hiyo Mwalimu kaona ya kwanza, kaona ya kumi, kaona ya kumi na moja ambayo ndiyo mwisho wa sizoni na dunia inaokolewa, halafu karudi ya pili. Alipofika ya sita na ya saba ndipo dunia ikafa. Akamalizia na ya tisa, hadithi ikakatika hewani.

Hilo si tobo la mtunzi, ni lako mkuu. Ongeza sifuri mbele ya hizo namba, mchezo umekwisha.

---

Mwenye Flashi (Mtwara) ameandika:

Aisee. Nimechomeka flashi kwenye televisheni ya mama wa ming'oko sasa hivi. 1, 10, 11, 2. Miaka yote hii! Sasa naelewa kwa nini kuna dada mmoja wa Shangani aliniambia zile za Kikorea "zinaanza na harusi kisha wanatongozana". Nilidhani ndio mila zao.

Haya, la mpangilio nimelibeba. Na Caitlin je? Nimezipanga upya, nimeruka mpaka ya mwisho, binti bado hayupo.

---

Binti Mikindani ameandika:

Kaka, Caitlin huwezi kumpata hata ukipanga kwa rula. Huyo ni majeruhi wa mgomo.

Tarehe 5 Novemba 2007 waandishi wa filamu na televisheni Marekani waliweka kalamu chini. Walikuwa wanadai, pamoja na mengine, malipo kwa kazi zao zinazooneshwa kwenye intaneti. Wakakaa hivyo siku 100, mpaka Februari 12, 2008. Heroes sizoni ya kwanza ilikuwa na episodi 23. Ya pili ikafungwa ikiwa na 11, ndiyo maana faili zako zinaishia hapo, hukuruka kitu. Episodi ya mwisho ilitoka Desemba 3, 2007.

Sasa sikiliza palipoharibika. Mpango wa awali ulikuwa ile chupa ya kirusi ivunjike, ugonjwa usambae, na sizoni iendelee na habari hiyo. Mgomo ulipobisha hodi wakaona hawana wa kuandika mwendelezo, wakaupiga upya mwisho: Peter anaidaka chupa. Dunia imepona. Lakini ikipona, ule mwaka wa mbele wenye watu waliokufa haupo tena, na Caitlin tulimwacha ndani yake. Waliporudi kazini wakaanza habari mpya na hawakumgusa tena. Peter mwenyewe, aliyekuwa akimlilia, hamtaji.

Hilo ndilo tobo halisi. Na mimi silisamehe, maana lilizibika kwa sentensi moja. Peter angesema tu "nilijaribu kurudi, nikakuta hakuna pa kurudi." Inauma, inaeleweka, tunaendelea. Mwandishi aliyegoma ana haki yake, ila aliyerudi kazini akakaa kimya ndiye namdai.

Firefly nayo, samahani kaka, Mwalimu ana haki kuliko anavyojua. Episodi anayosema ni ya mwisho ndiyo ya kwanza. Ilipigwa kama ya kufungulia, ndefu mara mbili, ya kutambulisha watu wote. Kituo kilichoirusha, Fox, hakikuipenda, kikaanza na nyingine Septemba 2002. Ile ya utambulisho wakaja kuirusha Desemba 20, 2002, wakati sizoni yenyewe imeshakatwa. Jamaa yako wa Dar kakupa mpangilio wa televisheni.

Halafu nijibu: faili za Firefly ziko ngapi?

---

Mwenye Flashi (Mtwara) ameandika:

11 vilevile.

---

Binti Mikindani ameandika:

Zilipigwa 14. Fox ilirusha 11 tu, tatu zilizobaki Wamarekani waliziona zilipotoka DVD. Kwa hiyo mzee aliposema "umenipunja, kuna episodi zimepungua" alikuwa anasema kweli tupu, ila hakujua anazodai ni zipi. Tafuta ule mpangilio wa DVD umpelekee, na umwombe radhi.

---

Kidumbaki ameandika:

Hahaha, nimerudi na karanga zangu. Kesi imegeuka.

---

Mwenye Flashi (Mtwara) ameandika:

Cheka tu mkuu. Ila kwa kuwa umerudi, nikujibu lile la bibi.

Bibi yangu alikuwa Mmakonde wa Newala, na hadithi zake zilikuwa za uongo kweli, sungura anaongea, fisi anaposa. Lakini sungura wa bibi akikatwa mkia jioni ya Jumatatu, Jumanne anakuja hana mkia. Tulikuwa watoto saba kwenye mkeka, ungethubutu kumrudishia mkia bila maelezo? Tungemzomea bibi mchana kutwa. Uongo wa kuanzia tunaupokea wote, ndiyo maana tunaitikia. Ule wa pili unaokuja kuuvunja wa kwanza ndio tunaukataa. Mwalimu hajauliza kwa nini meli inakwenda kasi kuliko mwanga, na ni mtu wa fizikia! Anauliza makombora 38 yamezaaje.

Haya, wenye Star Trek mko wapi? Kurasa saba za daftari ni za kwao.

---

Mjukuu wa Tendaguru ameandika:

Nipo Lindi, nilikuwa nasubiri mlifikie hili.

Episodi ya tatu kwanza, ni ndugu yake Firefly. Kabla Star Trek haijakubaliwa, walipiga episodi ya majaribio, kituo cha televisheni cha NBC wakaikataa. Mwaka 1965 wakapiga ya pili ya majaribio, hiyo wakaikubali, na ndiyo hiyo inayomsumbua Mwalimu. Ilipopigwa McCoy alikuwa hajaajiriwa, nguo zilikuwa za mtindo wa zamani, na jina la Kirk lilikuwa halijatulia. Sizoni ilipoanza kurushwa Septemba 8, 1966, NBC wakaitanguliza nyingine na hii wakaichomeka ya tatu. Kwa mtazamaji daktari anatoweka wiki moja. Mwambie Mwalimu aiangalie kabla ya zote. Hudaiwi hata senti.

Ila ile R haiondoki kwa kupanga. Mimi nina utetezi wangu, si rasmi. Lile kaburi halikuchongwa na fundi wa serikali. Kalitengeneza Gary Mitchell, rafiki yake Kirk, ambaye wakati huo kapata nguvu za ajabu, macho yanang'aa, anajiona mungu. Mwenye wazimu anakosea herufi. Hata mungu wa kujipachika anaweza kusahau jina la kati la rafiki yake. Nalipenda tobo hili, maana linamfanya Mitchell awe mdogo kidogo.

Sasa Waklingoni, na hapa naomba niende taratibu.

Mnajua habari ya mjusi wetu wa kale, yule dinosaria. Wajerumani walichimba Tendaguru kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa vichwani na mabegani mwa watu mpaka bandari ya Lindi, ikaenda Berlin. Babu mzaa mama alikuwa akituhesabia siku za kutembea na mzigo kana kwamba alikuwepo. Mkubwa kuliko wote wakamsimamisha jumba la makumbusho mwaka 1937, na leo ana zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wengi hawajui kwamba yule mjusi si mnyama mmoja. Ana mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, iliyokosekana ikaongezewa. Na alikuwa amesimamishwa kwa ujuzi wa wakati ule: miguu ya mbele imepinda kwa nje kama mjusi wa ukutani, mkia unaburuzika. Baadaye wataalamu wakaona sivyo. Wakambomoa, na mwaka 2007 akasimama upya, miguu ya mbele imenyooka, mkia uko juu.

Mtu aliyemwona mwaka 1990 akirudi leo atasema ni mjusi mwingine, kama Mwalimu anavyosema ni kabila jingine. Kumbe mnyama ni yuleyule, ila wanaomjenga sasa wana pesa na ujuzi zaidi. Waklingoni wa miaka ya sitini walikuwa wanapakwa rangi usoni na kubandikwa ndevu, basi, bajeti imeisha. Mwaka 1979 ikaja muvi ya sinema, pesa zipo, wakawekewa matuta. Watengenezaji walitaka tuamini siku zote walikuwa hivyo.

Shida ikaja 1996. Star Trek nyingine, Deep Space Nine, ikawarudisha watu wake nyuma mpaka ndani ya episodi ya zamani, na katikati yao yupo Worf, Mklingoni mwenye matuta. Wanawaona Waklingoni wa paji laini. Wenzake wanamgeukia wanamuuliza kulikoni. Worf anawajibu kwa sura ya mawe kwamba wao jambo hilo hawalizungumzi na watu wa nje.

Jamani, nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mtu yeyote wa Lindi au Mtwara analijua jibu hilo. Muulize aliyetoka jando nini kilisemwa huko kichakani. Muulize dada yako ya unyagoni. Utatazamwa hivyohivyo. Hawakuliziba tobo. Waliliwekea mlinzi mlangoni, na Waklingoni wakawa watu wenye mila kuliko walivyokuwa kabla ya swali.

Wangeishia hapo. Mwaka 2005 Star Trek nyingine tena, Enterprise, ikatoa episodi mbili nzima kueleza kwamba kulikuwa na kirusi, kimetokana na binadamu waliobadilishwa vinasaba, kikawalainisha mapaji. Kimantiki limekaa sawa, wala silipingi. Lakini ni kama mtu kaingia jandoni na kipaza sauti. Kiraka kikubwa kuliko nguo.

La Khan ni fupi. Episodi yake ilirushwa Februari 1967, sizoni ya kwanza. Chekov kaingia sizoni ya pili, mwezi wa tisa mwaka huohuo. Muvi ni ya 1982, waliotunga wamepitiwa. Mashabiki wanasema Chekov alikuwa melini tangu mwanzo ila zamu za chini, hatukuoneshwa. Mwigizaji mwenyewe, Walter Koenig, hutania kwamba Khan alibanwa haja akaenda chooni, Chekov alikuwemo ndani, akakawia sana kutoka. Ndiyo maana hakuisahau sura.

---

Binti Mikindani ameandika:

Hilo la choo mpelekee Mwalimu kama lilivyo.

Mleta uzi, na wewe ujilinde siku hizi, maana matobo mengine yanazibwa baada ya wewe kunakili. The Mandalorian, sizoni ya pili, mwaka 2020, episodi ya nne: nyuma ya mashujaa kuna mfanyakazi wa kurekodi kasimama na jinzi na fulana, yuko sayari za mbali kama yuko stendi. Watu wakamwona, wakacheka, muda si mrefu akafutwa kwenye nakala ya mtandaoni. Mwenye nakala ya siku za mwanzo anaye, aliyenakili baadaye hana. Wateja wako wawili wanaweza kubishana mpaka wapigane, na wote wanasema kweli.

Na Stranger Things ndiyo iliniuma binafsi. Sizoni ya pili mama wa mtoto aitwaye Will anataja siku ya kuzaliwa ya mwanawe, Machi 22. Sizoni ya nne, ya 2022, kuna siku nzima wanacheza kwenye viatu vya magurudumu, na tarehe ni Machi 22. Hakuna hata mmoja anayempongeza, si mama, si kaka, si rafiki. Mtoto kanuna siku nzima. Watu tukaandika nadharia ndefu, kwamba ni laana, kwamba ni dalili. Wale ndugu wawili waliotunga, akina Duffer, wakaulizwa, wakakiri kwamba walisahau. Basi tu. Mimi nimezaliwa tarehe 29 Februari, naelewa kusahauliwa, lakini hii!

---

Fundi wa Masasi ameandika:

Makombora ya Voyager niachieni mimi, ni mambo ya karakana.

Ile meli imetupwa mbali, safari ya miaka 75 kurudi nyumbani, haina duka wala bandari. Kwa wazo hilo kila kitu kingekuwa kinapungua: chakula, vyuma, makombora. Lakini waliokuwa wanairusha enzi zile walitaka kila episodi isimame peke yake, ili aliyekosa wiki iliyopita asipotee, na ili zikirudiwa zirudiwe kwa mpangilio wowote. Kwa hiyo wiki hii meli inachanwa ubavu, wiki ijayo inang'aa kama imetoka kuoshwa. Hesabu ya makombora ilikufa hapo. Waliandika 38 kututisha, halafu hawakuwa na daftari. Mwalimu alikuwa nalo.

Utetezi upo: baadaye wanajiundia chombo kidogo kizima, Delta Flyer, humohumo melini. Anayeweza kuunda chombo hashindwi kuunda kombora. Sawa. Lakini basi mtu aseme! Hata mimi nikifungua redio ya mteja nikaweka kapasita ya kwangu, namwambia.

---

Mwenye Flashi (Mtwara) ameandika:

Wakuu, narudi na taarifa. Jana baada ya alasiri nilifunga kibanda nikaenda Ligula mwenyewe. Flashi mpya, Heroes ina sifuri mbele, Firefly zote 14 kwa mpangilio wa DVD, na ile episodi ya Star Trek nimeipa jina 00. Nilibeba na buku mbili mkononi.

Mwalimu alinikaribisha barazani, safari hii marahaba ilikuwa nzima. Nikamsomea majibu yenu mmoja mmoja, yeye anatia alama. La mafaili: vema, na chini kaandika *uzembe wa mtahini*, yaani mimi. La mgomo alinyamaza muda mrefu. Akasema aliwahi kuwa kwenye mgomo wa walimu, anajua kazi ikikatika katikati inavyokaa, akamfuta Caitlin kwenye orodha ya madai kwa mstari mmoja uliopinda. Choo cha Khan kilimfanya akohoe mpaka mkewe akaja na maji. Mjukuu wa Tendaguru, lako la Worf kakupa tisa juu ya kumi. Nilipomuuliza moja imekwenda wapi, akasema mfano wa mjusi ulikuwa mrefu.

Makombora hakukubali. Fundi, kasema kapasita yako ni nzuri lakini kombora halizaliwi kwa kuwa mtu anaweza kulizaa, onesha siku ya kuzaa. Sifuri.

Buku mbili alikataa, akasema nimeleta zilizopungua, tumekwenda sawa. Nikashukuru, nikaondoka kifua mbele.

Leo saa nne asubuhi kapiga simu. Amekesha na Firefly mfululizo, kaimaliza yote 14. Sauti imebadilika kabisa. Anasema sasa ameielewa, ni nzuri kuliko zote nilizompa, kila mtu kaingia mlango wake, hana hata mstari mmoja mwekundu. Na kwa kuwa inaonekana wazi kwamba hadithi haijafika hata nusu, anataka nimletee sizoni ya pili.

Nimemwambia kuna muvi moja ya mwaka 2005. Akasema, "Sawa, lete na hiyo. Lakini sizoni ya pili usije ukaisahau, maana wewe ninakujua."

Nani ana moyo wa kwenda kumwambia?